Kusikiliza Mhadhara wa Utafiti wa Kemia: Mfano wa Floridi katika Maji

Katika idara nyingi za kemia za vyuo vikuu kuna saa moja kwa juma ambayo haina mtihani wala alama. Mwalimu wa idara, mwanafunzi wa shahada ya juu, au mgeni kutoka chuo kingine, husimama mbele ya wenzake akaeleza kazi anayoifanya katika maabara, hasa ile ambayo bado haijakamilika. Huzungumza kwa dakika 40 hivi, kisha huulizwa maswali. Saa hiyo huitwa semina, au mhadhara wa utafiti. Aghalabu mlango huwa wazi, na mwalimu wa sekondari aliye jirani na chuo akiomba kuingia, hata akiwa na wanafunzi wake wa kidato cha tano na cha sita, si desturi kumkatalia.

Walakini wengi wanaoingia kwa mara ya kwanza hutoka wamechoka na mikono mitupu. Nadhani sababu si ugumu wa kemia peke yake. Darasani mwanafunzi amezoea kulingojea jibu, aliandike na kulikariri. Katika semina mambo ni kinyume: jibu ndilo sehemu isiyo imara, kwa kuwa mtafiti mwenyewe bado analipima, na lenye thamani ni njia aliyoipita hata akalifikia. Basi katika makala haya nitajaribu kuonyesha namna ya kuifuata njia hiyo, kwa kuchukua mada moja ambayo hurudi mara kwa mara katika idara za kemia za Afrika ya Mashariki, India na China, nayo ni kuondoa floridi katika maji ya kunywa.

Nimeichagua mada hii kwanza kwa sababu kemia yake haipiti ile ya kidato cha sita. Tena si mada ya mchezo. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanapoumbika, yaani tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Maji yakiwa na floridi nyingi zaidi, na yakinywewa kwa miaka mingi, floridi huingia mifupani. Viungo hukakamaa, mgongo huuma, na miongoni mwa watoto wako ambao miguu yao hupinda. Mifupa ikishafikia hali hiyo hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Na floridi haina rangi, haina harufu, wala haina ladha katika kiasi hicho.

Floridi hutoka wapi?

Walimu wanaofundisha kandokando ya Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru nchini Kenya hadi Arusha, Manyara na Singida nchini Tanzania, wanaweza kuona majibu ya swali hili katika vinywa vya wanafunzi wao. Miamba ya volkano ya sehemu hizo ina florini nyingi, na maji yanayopita ndani yake huichukua. Maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, yana floridi ya mamia ya miligramu katika kila lita. Mto Maji ya Chai ulio karibu nayo unajulikana kwa tabia hiyo hiyo, ingawa hauyafikii maziwa hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 mwaka 1974. Baadaye kilishushwa, na kiwango cha taifa cha mwaka 2018 ni 1.5. Ile 8 haikutokana na uchunguzi wa mifupa, bali na uhaba wa maji: vijiji vingi havikuwa na chemchemi nyingine ya kukimbilia.

Lakini kwa nini floridi isituame? Mwanafunzi anajua kwamba kalsiamu floridi ni chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi. Zao lake la uyeyukaji, yaani ukolezi wa kalsiamu mara ukolezi wa floridi mara mbili, ni 3.5 × 10⁻¹¹ katika nyuzi 25 za sentigredi. Hebu tupige hesabu. Maji yenye kalsiamu miligramu 40 kwa lita yana moli 1 × 10⁻³ za kalsiamu. Tukigawanya, kipeo cha pili cha floridi ni 3.5 × 10⁻⁸, na kipeuo chake ni 1.87 × 10⁻⁴. Mara 19, ambao ni uzito wa moli moja ya floridi kwa gramu, tunapata miligramu 3.6 hivi kwa lita. Zaidi ya hapo floridi itaanza kutuama. Sasa tupunguze kalsiamu iwe miligramu 4 tu. Kikomo cha floridi kinapanda hadi miligramu 11.2.

Hapo ndipo penye siri ya maji ya Meru. Ni maji ya magadi: yana sodiamu na bikaboneti nyingi, na kalsiamu yake imekwisha kutuama kama chokaa huko ardhini kabla ya kufika kisimani. Floridi imebaki bila mwenzi wa kutuama naye. Mwalimu akiandika hesabu hii ubaoni, wanafunzi wataelewa kwa nini maji yanayolainika kwa sabuni upesi, ambayo mama nyumbani huyasifu kwa kufulia, huenda ndiyo yenye hatari. Nasema huenda, kwani kuna maji laini yasiyo na floridi kabisa, na hakuna njia ya kujua ila kupima.

Jambo lililogunduliwa kwa kutoamini

Sababu ya madoa ya meno haikujulikana zamani. Tangu mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay aliyaona kwa wakazi wa Colorado Springs, Marekani, akayafuatia kwa miaka 30, akashuku maji bila kupata ndani yake kitu cha kushtaki. Uchanganuzi wa kawaida wa siku hizo haukuitafuta floridi, na kisichotafutwa hakikuonekana. Mwaka 1931 mkemia mkuu wa kampuni ya alumini ya nchi hiyo, H. V. Churchill, alikuwa na sababu yake nyingine: watu walizishuku sufuria za alumini kuwa zina sumu, na mji wa Bauxite katika jimbo la Arkansas, ambao kampuni ilichimba madini yake, ulikuwa na watoto wenye meno ya madoa. Maji ya mji huo yalipochunguzwa kwa spektra, ilionekana floridi, miligramu 13.7 kwa lita.

Churchill hakuamini. Alidhani sampuli imechafuliwa, akaagiza nyingine ichotwe upya. Majibu yalikuja yale yale. Ndipo akamwandikia McKay na kumwomba sampuli kutoka sehemu nyingine zenye ugonjwa, nazo zikaonyesha floridi vilevile.

Nimelitaja tukio hili kwa sababu lina kila kitu ambacho msikilizaji wa semina anapaswa kukitafuta: kipimo kilichochaguliwa, sampuli iliyoshukiwa, kurudia, na kulinganisha na mahali pengine. Katika chuo nilichosomea ng'ambo palikuwa na profesa mzee aliyezoea kusinzia mhadhara mzima, kisha akawa wa kwanza kunyosha mkono. Swali lake lilikuwa karibu kila mara lile lile: sampuli tupu ilisoma kiasi gani? Yaani ile chupa isiyotiwa kitu kinachotafutwa, ilitoa namba gani kwenye mashine? Vijana walimcheka, lakini kabla ya kusimama mbele yake kila mmoja alihakikisha anayo namba hiyo.

Maji gani?

Sasa tuseme tumeketi katika semina, na msemaji anatangaza kwamba ametengeneza unga mpya unaonasa floridi. Njia zenyewe zipo nyingi. Ya zamani ni ya shabu na chokaa, iliyoendelezwa na taasisi ya uhandisi wa mazingira ya Nagpur, India, na kupewa jina la wilaya ya Nalgonda. Shabu hutengeneza mashapo mepesi ya alumini haidroksidi ambayo hushuka pamoja na floridi. Ya pili ni mkaa wa mifupa, ambao tutauzungumzia baadaye. Na siku hizi watafiti wengi huleta viunzi vilivyojengwa kwa ayoni za metali zilizounganishwa na molekuli za kaboni, vyenye matundu mengi sana hata gramu chache zikawa na uso wa ndani ulio sawa na uwanja wa mpira. Kwa kuvibuni viunzi hivyo, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025. Vile vya alumini vimekwisha kujaribiwa kwa floridi.

Msemaji anaonyesha mchoro mzuri, na namba: unga wangu unanasa miligramu kadha wa kadha za floridi kwa kila gramu. Wasikilizaji wapya huiandika namba hiyo. Wazoefu huuliza: katika maji gani?

Mara nyingi jibu ni kwamba sodiamu floridi iliyeyushwa katika maji yaliyokenekwa, yaani maji ya mvuke yasiyo na chumvi nyingine. Hakuna kosa kuanzia hapo. Mtafiti hana budi kujua jambo moja kabla ya kuchanganya kumi. Lakini maji ya kisima cha Meru yana bikaboneti nyingi kuliko floridi, nayo hugombea nafasi zile zile juu ya uso wa unga. Isitoshe, ni maji ya besi. Uso wa alumini oksidi huwa na chaji chanya katika maji yenye asidi kidogo, ukaivuta floridi iliyo hasi. Besi ikiongezeka chaji hiyo hupungua, kisha hugeuka, na uso ukaanza kuifukuza floridi uliyopaswa kuivuta.

Swali la pili ni la ukolezi, na hili huwapotosha wengi zaidi. Unga wa kunasa hauna uwezo mmoja usiobadilika. Kiasi unachoshika hutegemea kiasi kinachobaki katika maji baada ya msawazo kupatikana. Tuchukue unga wa kubuni ambao, ukijaa kabisa, hushika miligramu 20 kwa gramu, na hushika nusu ya hizo wakati maji yaliyobaki yana miligramu 20 kwa lita. Kwa kanuni ya Langmuir, kiasi kinachoshikwa ni 20 mara C, kugawanya kwa 20 kujumlisha C, ambapo C ni ukolezi uliobaki. Mtafiti akimaliza jaribio maji yake yakiwa na miligramu 100, atapata 16.7 kwa gramu, na hiyo ndiyo namba itakayopamba mchoro. Lakini sisi tunataka maji yanayobaki na miligramu 1.5. Weka 1.5 mahali pa C: tunapata 1.4 tu.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Familia inatumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia, maji yana miligramu 10 kwa lita, na unga unakorogwa ndani ya ndoo kisha unachujwa. Floridi ya kuondolewa ni miligramu 170. Kwa namba ya mchoro, gramu 10 za unga zingetosha. Kwa namba ya kweli zinatakiwa gramu 122, kila siku. Mama aliyepewa kijiko cha gramu 10 atakuwa anawanywesha watoto wake sehemu kubwa ya floridi ya awali, naye ana imani kwamba ameisafisha. Unga wenyewe haukudanganya, wala mtafiti hakudanganya. Ni namba iliyohamishwa kutoka maji fulani kwenda maji mengine bila kuulizwa pasi yake ya kusafiria.

Kipimo kinachoficha

Liko swali jingine, lenye hila kidogo, nalo linahusu mashine. Siku hizi floridi hupimwa kwa elektrodi yenye fuwele ya lanthani floridi, iliyovumbuliwa Marekani na Martin Frant na James Ross mwaka 1966. Ni chombo kizuri, rahisi kuliko njia zilizokitangulia. Lakini chombo hiki huhisi ayoni za floridi zilizo huru tu. Ayoni za alumini zikiwamo majini, hushikamana na floridi na kuunda ayoni kama AlF²⁺ na AlF₂⁺, na elektrodi haizioni.

Mwanafunzi aliye makini aone hatari iliyopo. Mtafiti ametia shabu, au unga wa alumini ambao kidogo chake kimeyeyuka. Anachuja maji, anatumbukiza elektrodi, namba imeshuka, naye anafurahi. Kumbe sehemu ya floridi bado imo ndani ya kikombe, imefungwa tu. Kinga yake inajulikana: kabla ya kupima hutiwa mmumunyo maalumu unaoituliza pH kati ya 5 na 5.5, ambao pia una kemikali ya kuikamata alumini ili iiachie floridi. Kwa hiyo msikilizaji wa semina ya floridi na alumini anaweza kuuliza bila woga: mmumunyo huo ulitumika? Na alumini iliyobaki majini ni kiasi gani? Swali la namna hii halihitaji shahada ya udaktari. Linahitaji kuikumbuka kemia ya ayoni changamano.

Mifupa na watu

Mkaa wa mifupa ndiyo njia ambayo imefika mbali zaidi katika nchi zetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kiliifanyia kazi kwa miaka mingi, na huko Nakuru Jimbo Katoliki lilitengeneza vichungi vyake kwa ajili ya nyumba na shule. Kemia yake inapendeza. Madini ya mfupa ni haidroksiapataiti, na floridi huchukua nafasi ya haidroksidi:

Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂ + 2F⁻ → Ca₁₀(PO₄)₆F₂ + 2OH⁻

Yaani mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo unakubali kufanyiwa lile ambalo lingefanyika katika mfupa wa mtoto. Mifupa huchomwa kwa hewa haba, katika nyuzi 400 hadi 500 hivi. Joto likipungua, mafuta na nyama hubaki na maji yakatoka na harufu; likizidi mno, chembe za madini hukua, uso hupungua, na uwezo wa kunasa ukaporomoka. Mfanyakazi wa tanuri mwenye uzoefu huitambua hali hiyo kwa rangi: mkaa mweusi, kijivu, au mweupe.

Semina za mada hii huwa na sehemu ambayo baadhi ya wanakemia huiona si kemia, na mimi sikubaliani nao. Mifupa ni ya mnyama gani? Mwislamu hatayanywa maji yaliyopita katika mfupa wa nguruwe, Mhindu ataukataa wa ng'ombe, na kijiji kisichoelezwa asili ya mifupa kitaiacha ndoo ikae pembeni na buibui. Pia, nani atajua siku mkaa ulipochoka? Ndoo iliyochoka hutoa maji safi ya kupendeza yenye floridi yote, na hakuna ulimi utakaoigundua. Bila mtu mwenye elektrodi kupita kila baada ya majuma kadhaa, uzuri wa mlinganyo hapo juu hausaidii. Tena kuna magadi: watafiti wa Tanzania wamekwisha kuonyesha kwamba magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande katika sehemu za kaskazini huweza kuwa na floridi nyingi, hata mtoto wa kijiji chenye maji mazuri akapata madoa. Mtafiti aliyepima kisima bila kuuliza kuhusu chungu cha maharage hajamaliza kupima.

Semina ya shuleni

Mwalimu asiye karibu na chuo anaweza kuianzisha semina yake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja apewe dakika 10 kueleza jaribio alilolifanya kwa mikono yake, hata kama ni kupima ugumu wa maji ya kisima cha shule kwa sabuni. Wenzake wakatazwe kupiga makofi mpaka wameuliza maswali matatu. Msemaji aruhusiwe kujibu "sijapima", na jibu hilo lisihesabiwe kuwa aibu. Katika semina za vyuo husikika kila juma. Mwalimu naye asiwe mwepesi wa kulijibu swali kwa niaba ya mwanafunzi, jambo ambalo najua ni zito kwetu walimu.

Kwa kuanzia, wanafunzi wa kidato cha sita wajaribu hili. Uzito wa moli ya haidroksiapataiti ni gramu 1004.6. Watafute, kwa mlinganyo ulioonyeshwa hapo juu, ni miligramu ngapi za floridi ambazo gramu moja ya madini hayo ingeweza kuchukua kama kila haidroksidi ingebadilishwa. Watapata 38 hivi. Kisha wajadiliane kwa nini mkaa wa mifupa uliowekwa ndani ya ndoo hunasa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na waandike majaribio mawili ambayo yangeonyesha ni sababu ipi kati ya walizozitaja iliyo kubwa zaidi.